Albamu tatu za Extra Golden ni mali ya nani?

Wapo wanaoshikilia kwamba benga ni muziki uliozaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria, ukabalehe Nairobi, kisha ukazikwa katika miaka ya themanini chini ya lundo la kanda zilizorudufiwa kwa wizi. Rai hiyo imerudiwa mara nyingi hata baadhi ya wanafunzi wetu wameichukua kuwa historia. Leo nataka kuipinga kwa ushahidi usiotoka Kondele wala River Road, bali Chicago: albamu tatu zilizotolewa na kampuni ya Thrill Jockey kati ya mwaka 2006 na 2009, zikibeba jina la bendi iitwayo Extra Golden.

Thrill Jockey ilianzishwa New York mwaka 1992 na mwanamke aitwaye Bettina Richards, na miaka mitatu baadaye ikahamia Chicago. Sifa yake ni ile aina ya muziki ambayo hapa nitaiita roki ya kujitegemea, yaani roki ya vijana wanaorekodi bila ya kufadhiliwa wala kuamrishwa na makampuni makubwa yanayotawala redio. Basi mtu akiipitia orodha ya kampuni hiyo atakutana na bendi nyingi za Wamarekani, moja baada ya nyingine, mpaka jicho lake litue kwenye majina kama haya: “Ilando Gima Onge”, “Nyajondere”, “Hera Ma Nono”, “Gimakiny Akia”, “Piny Yore Yore”. Kwa mtoto wa Kisumu, Siaya au Homa Bay majina haya hayahitaji mkalimani. La kwanza ni lawama kwa anayetangaza jambo lisilokuwepo. La tatu ni upendo wa bure, usio na faida. La nne linasema kwamba ya kesho siyajui. Imekuwaje Dholuo ikaketi kwenye kabati la roki ya Marekani?

Kisa chenyewe si kirefu. Ian Eagleson, mpiga gita kutoka Marekani, alikuja Kenya kufanya utafiti wa kitaaluma juu ya benga. Huko kwao alikuwa mwanachama wa bendi ya roki iliyoitwa Golden, pamoja na rafikiye Alex Minoff. Katika utafiti wake akajuana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gita wa Orchestra Extra Solar Africa, moja ya bendi zilizokuwa zikiwachezesha watu katika vilabu vya Nairobi kwa nyimbo za ziwani. Minoff alipomtembelea mwenzake mwaka 2004, watu hao wakaketi pamoja na mpiga ngoma Onyango Wuod Omari, wakarekodi hapo hapo Nairobi kwa vifaa vya kubebeka. Jina la bendi ni ndoa ya majina mawili: Extra ya huku na Golden ya kule.

Albamu ya kwanza iliitwa “Ok-Oyot System”. Ok oyot, si rahisi. Ina nyimbo sita tu, na wimbo mmojawapo una jina la Kiingereza lenye maana iyo hiyo, kana kwamba kila upande ulitaka kulisema neno moja kwa ulimi wake. Nalo halikuwa neno la mapambo. Otieno Jagwasi aliaga dunia mwaka 2005, kabla ya albamu kutoka. Anayeisikiliza leo anamsikia mtu akiimba kwa nguvu na ucheshi katika sahani ambayo yeye mwenyewe hakupata kuishika mkononi.

Mwaka huo wa 2006 albamu ilipotoka, mwezi wa Mei, Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Sidai kwamba matukio haya yanafungamana. Nayataja pamoja kwa sababu ndivyo yalivyoishi katika kumbukumbu ya sisi tunaoufuata muziki huu: mzee akitoka kwa mlango wa mbele, na benga ikiingia dunia nyingine kwa dirisha ambalo hatukujua kuwa lilikuwa wazi.

Sasa tuusikilize muziki wenyewe, maana mabishano juu ya benga aghalabu hufanywa na watu wasioisikiliza.

Mzazi wa benga ni nyatiti, kinanda cha nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ameegemeza kinanda mbele yake, vidole vya mikono miwili vikizichokoa nyuzi, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ubao wa kinanda. Kwa hiyo mtu mmoja ni mwimbaji, mpiga kinanda na mpiga ngoma. Tena anapoimba, nyuzi hazimsindikizi tu, bali humjibu: akisema neno, kinanda hulirudia kwa namna yake. Vijana wa ufuoni walipoyapata magita katika miaka ya hamsini na sitini, hawakuanza kwa kujifunza muziki wa Kizungu. Waliyatia magita kazi ya nyatiti. Gita la solo likachukua majibu ya nyuzi za juu, la rithimu likashika katikati, na la besi, ambalo katika muziki mwingine hunong’ona nyuma, likapewa uhuru wa kurukaruka kama mguu wenye pete. Ngoma ikakaza mwendo chini ya vyote.

Umbo la wimbo nalo lina kanuni yake. Kwanza huja masimulizi: mwimbaji anaeleza habari ya mtu, mahali, mapenzi au msiba, na gita linamfuata unyo kwa unyo. Kisha sauti zinanyamaza, mwendo unachangamka, magita yanaachiwa uwanja, na hapo ndipo wachezaji waliokuwa wamekaa husimama. Katika enzi ya santuri ndogo za mizunguko 45, upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Bendi zikaukata wimbo mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Nakumbuka jinsi sisi watoto tulivyogombania heshima ya kuigeuza santuri, kwa kuwa kila mtu alijua kilichokuwa kinangoja nyuma yake. Kule kugeuza kukawa sehemu ya wimbo. Ni mtambo uliolazimisha hivyo, lakini mafundi wa benga waliupokea ubahili wa mtambo wakaufanya pambo.

Extra Golden walirekodi katika zama ambazo hakuna haja ya kugeuza chochote. Nyimbo zao ni ndefu, na sehemu ya pili hujitokeza polepole kutoka ndani ya ile ya kwanza, bila ya kukatika. Hapa ndipo roki inaposaidia, kwa maoni yangu, kuliko mahali pengine popote. Magita ya Eagleson na Minoff hayajaribu kujifanya ya Kijaluo kila wakati. Pengine yanakwaruza, yanapaza sauti nzito, yanachafua ule usafi wa kioo ambao mpiga solo wa benga huuenzi. Nyuma yake ngoma ya Onyango Wuod Omari haikubali kuyumba. Uchafu wa gita na nidhamu ya ngoma vinavutana, na katika kuvutana huko wimbo unapata mahali pa kwenda kwa dakika nyingi bila ya kuchosha.

Sina sifa za namna hiyo kwa kila kitu. Nyimbo za Kiingereza katika albamu hizi, kwa sikio langu, ni dhaifu zaidi. Dholuo ikitawala, maneno yanauma na gita lina kitu cha kujibu. Kiingereza kikiingia, mara nyingi sauti inabaki juu na magita yanabaki chini, kila mmoja na shughuli zake. Hili lisitushangaze. Gita la benga lilifundishwa na lugha fulani, yenye toni zake na mapigo yake, na huwezi kulibadilishia mwalimu kwa siku moja. Mwalimu wa fasihi simulizi akitaka mfano wa uhusiano wa lugha na uundaji wa wimbo, huu anao.

Niseme pia juu ya lile neno “kujitegemea”, kwa sababu vijana wetu hudhani ni bidhaa ya kigeni. Katika miaka ya sabini, makampuni makubwa ya nje yalipokuwa yameweka matawi yao Nairobi, mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo alianzisha chapa zake mwenyewe za santuri na kuzijaza nyimbo za benga. Moja iliitwa Lolwe, jina la ziwa letu. Nyingine iliitwa Sungura. Santuri hizo zilisafiri hadi kusini mwa Afrika, na kule Zimbabwe wasikilizaji wakaziita kanindo, kwa jina la mwenye chapa. Muziki wa magita uliokuja kupendwa mno nchini humo ukabaki na jina la sungura hadi leo. Fikirini, wanafunzi: aina nzima ya muziki wa taifa jingine imepewa jina linalotokana na karatasi ya duara iliyogandishwa katikati ya santuri ya Kenya! Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee, Shirati Jazz ya Misiani, na bendi nyingine nyingi, ziliishi kwa biashara ya namna hiyo, ya watu wadogo wenye maduka na masanduku ya santuri. Kwa maana hiyo, benga ilipoingia Thrill Jockey haikwenda ugenini. Ilikwenda kwa watu wenye mila moja nayo ya kufanya kazi.

Wala benga haijawahi kuitii mipaka ya serikali. Misiani mwenyewe alizaliwa mwaka 1940 Shirati, upande wa Tanzania, na nyimbo zake zilipoigusa siasa ya Kenya alikumbushwa na wakubwa, si mara moja, kwamba yeye ni mgeni. Ziwa ni moja. Ramani ndizo nyingi.

Albamu ya pili, “Hera Ma Nono”, ilitoka mwaka 2007, na ndiyo iliyowapatia umaarufu, kwa sababu ya wimbo mmoja. Mwaka 2006 bendi ilialikwa kwenye Tamasha la Muziki wa Dunia la Chicago. Otieno alikuwa amekwisha kufa, na mwimbaji Opiyo Bilongo akaingia kuziba pengo. Wasanii wa Kenya walipopata shida ya viza, ofisi ya seneta wa jimbo la Illinois iliwasaidia. Seneta huyo alikuwa Barack Obama, ambaye Agosti mwaka huo huo alikuwa amefika Kisumu na Kogelo, kwao babake. Bendi ikatunga wimbo, ikauita “Obama”. Wakati huo hakuwa rais. Novemba 2008 alipochaguliwa na Kenya ikapewa siku ya mapumziko, wengi walidhani nyimbo za kumsifu zilianza siku hiyo.

Waandishi wa ng’ambo waliuchukulia wimbo huu kama kioja cha kupendeza. Aliyekulia ufuoni anauona vingine. Katika desturi ya nyatiti, na baadaye ya benga, mwimbaji hulipa kwa kutaja. Mtu aliyekukaribisha kwake, aliyekupa nauli, aliyenunulia bendi chakula, humlipi kwa fedha ambazo huna, bali unaliingiza jina lake katika wimbo, pamoja na jina la mamake na kijiji chake. Msikilizaji naye anaweza kusimamisha muziki, akatoa chochote, akajisifu au kumsifu rafikiye. Hiyo ndiyo pakruok. Santuri za benga zimejaa walimu, madereva, wenye maduka na maafisa ambao leo hakuna pengine wanapokumbukwa. “Obama” ni risiti ya deni la viza, iliyoandikwa kwa utaratibu ule ule. Tofauti ni kwamba aliyetajwa alikuja kuwa mkubwa kuliko wenye maduka wote.

Albamu ya tatu imekwenda mbali zaidi katika njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilishikwa na machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao. Kisumu maduka yalichomwa na watu wakapigwa risasi. Familia za wanabendi zilikuwa katikati ya balaa hilo. Wapenzi wa bendi waliokuwa nje walichanga fedha na kuzituma, na albamu iliyotoka mwaka 2009 ikaitwa “Thank You Very Quickly”, yaani asante upesi sana. Kiingereza hicho si cha vitabuni, na ndiyo maana kinagusa: ni shukrani ya mtu asiyekuwa na muda wa sarufi.

Humo humo umo wimbo uitwao “Ukimwi”. Nimependa kwamba wamelitumia neno la Kiswahili hali Dholuo ina neno lake, ayaki, na lenye kutisha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima mia moja wa Nyanza, wapatao kumi na watano walikuwa na virusi, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha nchi nzima. Hakukuwa na boma lisilojua kaburi jipya. Bendi ya ziwani ambayo ingerekodi albamu tatu katika miaka hiyo bila ya kulitaja jambo hilo ingekuwa imeziba masikio yake.

Narudi kwenye swali la kichwa cha makala hii. Kuna wanaosema, tena kwa uchungu, kwamba hii ni hadithi ile ile: mzungu anakuja na daftari, anaondoka na wimbo. Sizungumzii mikataba, ambayo ni jambo la waliotia sahihi. Nazungumzia kinachosikika. Mwizi wa wimbo hulifuta jina la mwenyewe. Katika albamu hizi majina ya Otieno Jagwasi, Onyango Wuod Omari na Opiyo Bilongo yamo, na sauti zao ndizo zinazotangulia katika nyimbo zilizo bora. Huko si kuibwa. Hata hivyo lalamiko hilo lina shina la kweli, nalo limo kwetu sisi. Mwanafunzi wa Chicago anaweza kuziagiza nyimbo hizi zipatazo ishirini zote kwa siku moja, zikiwa na majina na miaka yake. Mwanafunzi wa Kisumu anayetaka kuzisikia santuri za Victoria Jazz kwa mpangilio huo huo, mwaka kwa mwaka, atazunguka. Atazikuta chache kwa mzee fulani, zimekwaruzika. Nyingine kwa wakusanyaji wa Ulaya. Nyingine zimechapishwa upya London, kama ule mkusanyiko wa Misiani wa mwaka 2010, “The King of History”.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Ketebul Music ya Tabu Osusa, Nairobi, ilitoa mwaka 2008 kazi nzuri ya kufuatilia nyayo za benga, yenye kitabu, nyimbo na filamu pamoja. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, lina boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukamilifu, na watoto wa shule hupelekwa kwa mabasi kulitazama nyumba kwa nyumba. Nashauri kwamba katika uwanja ule ule pawe na chumba kimoja chenye spika mbili na santuri za ziwa hili, tangu zile za Lolwe hadi Extra Golden, na karatasi ukutani inayosema nani alipiga solo, nani besi, na mwaka gani. Gharama yake haifiki ya basi moja la shule.

Mpaka chumba hicho kipatikane, mwalimu asingoje. Achukue “Ok-Oyot System”, ule wimbo wenye jina la albamu, awape wanafunzi saa na kalamu. Waandike dakika ambayo Otieno anaacha kusimulia na magita yanaachiwa uwanja. Kisha achukue wimbo wowote wa Misiani wa miaka ya sabini, wafanye vivyo hivyo, na hapo awaulize ni kwa nini katika huo wa pili jibu la wote limeangukia karibu dakika ile ile.